Kuuliza Kama Chini Kuna Moto

Jumanne tarehe 18 Juni 1996 kijana wetu Enos alikufa kazini, kwenye visima vya mvuke huko Bonde la Ufa. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Tulimzika nyumbani, magharibi, wiki iliyofuata, kisha mimi na mama yake tukarudi mtaani kwetu Makongeni, jijini. Tangu tulipofungua mlango, nyumba yetu ilikuwa na swali moja tu.

Kazi ya Enos ilikuwa kupima joto la miamba chini ya ardhi. Huko wanachimba kisima chembamba, hakimezi hata ndoo, lakini kinashuka kilomita nzima na zaidi, mpaka kwenye mwamba wa moto, ili mvuke upande juu. Kabla ya kutumia mvuke huo ni lazima wajue joto la kila kina. Mara ya mwisho alipokuja likizo alituambia hayo mezani, na mama yake akamwambia, "Enos, mnamchokoza nani huko chini?" Tulicheka wote watatu.

Sasa mama yake alikuwa hacheki. Aliniuliza, "Mwanangu aliungua?"

Nikamwambia, "Mama Enos, mimi ndiye niliyeingia mochari. Nilimtazama mwili mzima. Hana alama ya moto hata moja."

"Watu wanachimba mpaka kwenye moto, mtoto anafia hapo hapo, halafu unaniambia hakuungua. Alikufa na nini basi?"

Barua ya kampuni ilisema ni hewa mbaya, lakini mimi nimefanya kazi na hewa mbaya miaka ishirini na sita, na bado niko hai. Mimi ni fundi wa mabomba na majitaka katika nyumba za reli. Kila shimo la majitaka kati ya nyumba yetu na Jogoo Road nimeingia. Kwa hiyo barua ile hata mimi sikuiamini.

Mama Enos aliacha kuwasha jiko. Nilipowasha mimi, alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka makaa yakaisha. Chakula alikula kikiwa kimepoa kabisa. Jioni moja mwezi wa Agosti akaniuliza bila kunitazama, "Na huko tulikomlaza, si ni chini pia? Joto la huko ni kiasi gani?"

Nikasema nitakwenda kuwauliza wanaojua.

Alhamisi iliyofuata, saa moja asubuhi, niliondoka na treni ya mizigo. Gadi wake, Otieno, ni jirani yangu, na alikubali nipande naye katika behewa lake la nyuma. Nilibeba koti, mkate, na daftari la Enos lililoletwa pamoja na nguo zake.

"Baba Enos," Otieno akasema, "ukiulizwa, wewe ni mfuko wa saruji."

"Mifuko ya saruji haina mvi."

"Hii imekaa stoo sana."

Ilikuwa mara ya kwanza kuchekeshwa tangu mazishi, nikaona aibu, nikageuza uso dirishani. Otieno alielewa.

Njiani nilisoma daftari. Enos alikuwa na mwandiko mdogo, ulionyooka. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili: kina kwa mita, na joto kwa nyuzi. Katika kisima kimoja alikuwa ameandika mita mia moja, nyuzi sitini. Mita mia tatu, nyuzi mia na thelathini. Mita mia tano, mia na tisini. Halafu mita mia sita, mia na themanini na mbili, na pembeni ameweka alama ya kuuliza na neno moja: "Mbona?" Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe 18. Kina kilikuwa kimeandikwa chote mapema, kutoka mia moja mpaka elfu moja na mia moja. Safu ya joto ilikuwa tupu.

Saa tano, baada ya Limuru, treni ilisimama kupisha nyingine. Hapo reli imepita kwenye mwamba uliokatwa, kuta zake zinachuruzika maji. Nilishuka, nikaweka kiganja kwenye ukuta. Ulikuwa baridi kama mtungi. Nilikaa hivyo kwa muda, nikijaribu kufikiri kwamba jiwe hili hili, ukilifuata chini, linafika mahali linapochemsha maji. Sikuweza. Otieno akapiga filimbi.

"Panda, mzee. Hilo halitakwambia kitu."

Kutoka hapo nchi inaanguka. Bonde lilifunguka chini yetu, pana, la manjano kwa ukame, na mlima Longonot umekaa katikati peke yake. Enos aliniambia mlima ule ulikuwa unatema moto zamani. Sikuutazama sana.

Saa nane mchana nilishuka kwenye stesheni ndogo ya bondeni. Jina la mahali pa kazi na la kampuni sitayaandika. Sikwenda kumshtaki mtu. Mwenyeji wangu, niliyempelekea habari mapema, alikuwa akiningoja na pikapu. Alikuwa Mureithi, mtu wa miaka kama arobaini, ndiye aliyekuwa akifanya kazi na Enos kila siku. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Pole, mzee."

"Asante."

"Mko salama nyumbani?"

"Tupo."

Tulikwenda kama saa moja barabara ya vumbi. Kabla sijaona kisima hata kimoja niliona mvuke, nguzo nyeupe zinapanda kutoka vilimani. Halafu ikaja harufu, ile ya yai viza. Mureithi akanitazama pembeni.

"Utazoea. Mke wangu huniambia nguo zangu nizivue mlangoni. Mimi humwambia hiyo ni harufu ya mshahara."

Nikamwambia, "Mke wangu ameniambia hivyo hivyo miaka ishirini na sita."

Ni kweli, na sitaficha: harufu ile ilinipa utulivu. Ilikuwa harufu ya kazi yangu. Nilijiona niko mahali ninapopajua.

Alasiri hiyo alinipeleka kwenye kibanda cha vipimo. Ukutani kulikuwa na karatasi za mistari, kila kisima na mchoro wake, kina kikishuka na joto likienda kando. Aliniwekea chai ya strungi, isiyo na maziwa, akaniuliza nataka kujua nini. Nikamwambia kama nilivyoulizwa: pale tulipomlaza mtoto, kuna joto kiasi gani?

Hakucheka. Alichukua penseli, akachora mstari wa juu.

"Hapa ndipo tunaposimama. Jua likiwaka mchana, udongo wa juu unapata moto, usiku unapoa. Ukichimba kimo cha goti, mchana na usiku hutavijua tena. Ukishuka kaburi, futi sita, hata msimu wa mvua na kiangazi vinafika kidogo sana. Hakuna joto wala baridi. Ni kama ndani ya nyumba ya udongo, siku zote."

"Na moto?"

"Moto uko mbali sana, mzee. Huko kwenu, kwa ardhi ya kawaida, lazima ushuke kama kilomita nzima ndipo joto liongezeke nyuzi ishirini na tano, au thelathini. Kilomita nzima, na bado mtu anasimama, anatoka jasho tu. Hapa kwetu bondeni ni tofauti kwa sababu mwamba ulioyeyuka umepanda karibu. Hapa mita mia tisa unapita nyuzi mia mbili."

"Kwa hiyo kaburini hakuna moto."

"Hakuna. Mwambie mama, mimi nimesema."

Nilimfanya arudie, ili nisije nikakosea mbele ya Mama Enos. Halafu nikamwonyesha lile neno, "Mbona?" Akalishika daftari kwa mikono miwili.

"Siku hiyo alinisumbua!" akasema. "Alidhani tumeharibu chombo. Alisema, 'Mureithi, joto limerudi nyuma, hii kitu imechoka kama wewe.' Nikamwambia hakuna kilichoharibika. Watu wanafikiri ukishuka joto linapanda tu, ngazi kwa ngazi. Sivyo. Pale mia sita mwamba una ufa, na maji baridi yanaingia kutoka kando. Joto linashuka, halafu ukipita hapo linapanda tena. Huwezi kujua la chini kwa kubahatisha kutoka juu. Lazima upeleke chombo."

Chombo chenyewe alinionyesha. Ni bomba la chuma, jembamba, urefu wa mtu. Ndani yake mna saa ya kujaza kwa ufunguo, na sindano inayochora juu ya kibati chembamba cha shaba. Wanalifunga kwenye waya, wanalishusha kwa winchi, wanalisimamisha kila mita mia moja kwa dakika kadhaa lipate joto la pale, kisha wanashuka tena. Huku juu huoni kitu. Mpaka ulitoe, ufungue, usome kibati kwa lenzi.

Nikamuuliza, "Kile cha tarehe 18 kipo?"

Alisogeza kiti chake. Kisha akafungua droo.

Kibati kile kilikuwa na mchoro kama ngazi, kila daraja ni kituo kimoja. Aliweka lenzi jichoni, akachukua daftari la Enos, akaanza kujaza kwa penseli safu iliyokuwa tupu. Mia moja. Mia mbili. Alikuwa akitaja joto kwa sauti, nami nikitazama mkono wake. Alipofika mia tisa akaandika, akaweka penseli chini. Zilibaki nafasi mbili.

"Mbona daraja hili la mwisho ni refu hivi?" nikauliza. Madaraja mengine yalikuwa mafupi kuliko ukucha. Hili lilikwenda mpaka mwisho wa kibati.

"Hapo ndipo tulipokuwa," Mureithi akasema. "Chombo kilikuwa kinaning'inia mita mia tisa. Hakuna aliyekumbuka winchi tena. Saa iliendelea mpaka ufunguo ukaisha."

Saa kumi na moja tulitembea mpaka kwenye kisima chenyewe. Kichwa cha kisima ni vali kubwa za chuma, na kukizunguka kuna shimo la mraba la saruji, kina chake kama kimo cha mtu na mkono juu. Limefunikwa kwa mabati mazito. Nililitazama nikaona nalijua. Ni shimo la majitaka, kubwa kidogo tu.

"Hapa?"

"Hapa. Hakufika hata karibu na moto, mzee. Saruji hii ni baridi."

Aliniambia hivi. Siku ile hakukuwa na upepo. Wakati chombo kiko chini, Enos alisikia mlio wa mvuke unavuja kwenye bolti za chini, ndani ya shimo. Akasema atashuka azikaze. Mureithi akamwambia angoje, kuna chombo cha kupima hewa kwenye gari, kiletwe kwanza. Enos akainua bati moja, akainama kwenye ukingo. Harufu ilikuwa kali, hata Mureithi aliyekuwa kwenye winchi aliisikia. Enos akangoja pale pale, akiwa ameinama na spana mkononi. Baada ya dakika chache akainua mkono.

"Akasema, 'Sasa ni sawa, Mureithi. Harufu imeisha.' Nikamwambia, 'Bado, ngoja.' Akacheka. Akasema, 'Buda yangu ameingia mashimo tangu sijazaliwa. Ukifungua, unangoja harufu iishe, halafu unaingia. Ndivyo alivyonifunza.' Akashuka ngazi. Nilisikia spana ikianguka."

Niliinama, nikagusa ukingo wa saruji.

Mureithi akaendelea, macho yake yakiwa kwenye mabati. "Hii hewa ikiwa kidogo, inanuka. Ikiwa nyingi inaua pua kwanza. Unaacha kuisikia kwa sababu imekuwa nyingi, wala haijaondoka. Ni nzito, inakaa shimoni kama maji. Ukivuta mara mbili au tatu umeanguka. Nilitaka kumfuata. Wenzangu tuliokuwa nao pale walinishika mkanda, tukangoja vifaa vya kupumulia kutoka kambini. Mzee, nilikuwa naiona kofia yake kutoka pale juu. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wake. Huyo buda nilidhani ni fundi mzee fulani tu, sikujua alimsikiliza nani."

"Mimi," nikasema.

"Eeh?"

"Buda yake ni mimi."

"Ndiyo, najua wewe ni baba yake, lakini..."

Hapo akaelewa. Mvuke ulikuwa ukinguruma kwenye kilima cha pili. Akanishika kiwiko kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara, tukarudi kwenye pikapu.

Nilimfundisha akiwa na miaka kumi na miwili, wakati wa likizo, kwenye shimo lililo nyuma ya nyumba yetu. Niliinua mfuniko nikamwambia, inama, nusa. Akaziba pua. Nikamwambia, usizibe, pua ndiyo kipimo chako. Subiri. Ikiisha harufu, ingia. Hakuna aliyenifundisha mimi. Nilijifunza mwenyewe kwa kuingia na kutoka. Miaka ishirini na sita nilidhani ninajua kitu, kumbe nilikuwa na bahati, na bahati hiyo nikampa mtoto nikiiita ufundi.

Usiku huo nililala kwa Mureithi. Mkewe alipika, nikala kidogo kwa heshima yake.

Ijumaa asubuhi Mureithi alinirudisha stesheni. Nilipokuwa nashuka, akasema, "Mzee, si lazima umwambie mama yote. Mwambie habari ya moto. Hilo ndilo alilouliza."

Alikuwa amesema kwa wema. Nilimshukuru.

Saa nne Otieno alifika na treni ya kurudi. Aliniona uso, akanipa kiti chake, yeye akasimama. Tulipopanda ukingo wa bonde nilifikiria maneno ya Mureithi. Mama Enos alikuwa ameuliza mambo mawili, na yote mawili nilikuwa na majibu yake mazuri na ya kweli. Hakuungua. Anapolala hakuna joto wala baridi. Ningeweza kuishia hapo, na nisingekuwa nimesema uongo. Lakini aliuliza pia, "Alikufa na nini?" Hilo lilikuwa la tatu, na hilo ndilo nililokuwa nimebeba.

Saa tisa nilifika Makongeni. Mama Enos alikuwa amekaa kwenye ngazi, anachambua mchele katika ungo. Nilikaa daraja la chini yake.

"Umefika."

"Nimefika."

"Wamesemaje?"

Nilimwambia kwanza habari ya moto, kama nilivyoelezwa: udongo wa juu, kimo cha goti, kaburi, kilomita nzima. Nikamwonyesha daftari, na safu iliyojazwa kwa mkono wa mtu mwingine. Alipitisha kidole chini, kina kwa kina, mpaka kwenye zile nafasi mbili.

"Hakuungua," akasema.

"Hakuungua. Lile shimo ni baridi."

"Basi alikufa na nini, Baba Enos?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, pamoja na maneno ya Enos kama alivyoyasema Mureithi. Kisha nikamkumbusha shimo la nyuma ya nyumba.

"Siku ile nilikuwa naanika nguo," akasema.

"Ndiyo."

"Aliziba pua na vidole. Ukamtoa vidole. Mimi nikacheka."

"Ulicheka."

Akaurudisha mchele ndani ya mfuko, na punje zilizokuwa zimeanguka akaziokota moja moja. Hakulia. Hakunilaumu. Heri angenilaumu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa mafundi wenzangu watatu, nikawaambia mbele ya shimo lililo wazi kwamba harufu ikiisha ndipo usiingie. Mmoja akasema, "Lakini wewe mwenyewe, mzee, ndiye uliyetuambia." Nikasema ndiyo, ni mimi. Nimeandika safari hii ili yeyote anayefanya kazi ya mashimo, ambaye alifunzwa kama nilivyomfunza Enos, alisikie neno hilo kutoka kwangu.

Niliporudi nyumbani jioni niliona moshi mlangoni. Mama Enos alikuwa amewasha jiko mwenyewe. Aliteleka maji, yakachemka, akayamimina kwenye karai. Akatia mkono kupima, akautoa haraka, akaongeza maji baridi, akatia mkono tena, akauacha humo kwa muda mrefu.

"Ni sawa," akasema. "Nenda uoge."

Nilioga. Nilipotoka, jiko lilikuwa limezimwa, na yeye alikuwa amehamisha mto na blanketi lake kutoka kitandani kwetu hadi kwenye kitanda cha Enos.